Kiwanja Kikoje Huko? Hotuba kwa Watendaji wa Vijiji na Wamiliki wa Ndege Ndogo, Dodoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa watendaji wa kata na vijiji, waganga na wauguzi wa zahanati zetu, wamiliki wa ndege na ndugu zangu marubani, wazee wetu mliofika kutoka mbali, mabibi na mabwana: mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumzie ajali za ndege ndogo za binafsi wakati wa kutua kwenye viwanja vya vijijini. Kutua ni sehemu fupi sana ya safari, dakika chache tu za mwisho, lakini kwa ndege ndogo ndiko ajali nyingi zinakotokea. Bahati nzuri nyingi kati ya hizo haziui. Huvunja mguu wa mbele, hukunja pangaboi, huchana bawa, na kumwacha mwenye ndege na deni. Nyingine huua. Tofauti kati ya ile ya kwanza na hii ya pili mara nyingi huwa ni kile kilichokuwapo mwishoni mwa kiwanja: korongo, kisiki, mbuyu, au nyumba ya mtu.

Watu wakisikia habari ya ajali hufikiria ile dakika ndege ilipogusa ardhi. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba ajali ya kutua kijijini mara nyingi huanza mapema zaidi, kwenye simu. Rubani yuko Dodoma mjini, anampigia mwenyeji wake na kumwuliza, "Shikamoo mzee, kiwanja kikoje huko?" Naye anajibiwa, "Marahaba. Kiwanja kizuri tu, karibuni sana." Simu inakatwa, mafuta yanajazwa, ndege inaondoka.

Aliyejibu hakudanganya. Amejibu kama alivyolelewa. Sisi hatumpokei mgeni kwa habari mbaya. Hata mgonjwa akijuliwa hali husema kwanza kwamba hajambo, ndipo baadaye aeleze kwamba hajalala usiku kucha. Tena aliyejibu amekiona kiwanja kutoka barabarani, akiwa juu ya bodaboda, na pengine kabla mvua za juzi hazijanyesha. Kwa macho ya mpita njia, kiwanja ni kizuri kweli: kiko wazi, nyasi ni za kijani, mbuzi wametulia. Kwa tairi dogo linalokuja kwa kilomita 100 kwa saa, kile kijani ndicho kinachotia wasiwasi, kwa sababu hakuna ajuaye kinaficha nini.

Kwenye uwanja wa Dodoma mjini rubani ana mnara wa kuongozea ndege, ana taarifa ya upepo uliopimwa kwa chombo, ana njia ya lami iliyokaguliwa, na gari la zimamoto liko tayari. Kwenye kiwanja cha moramu kilichoko nyuma ya zahanati, upande wa Chemba, Manyoni au Kiteto, kazi zote hizo zinamwangukia mtu mmoja mwenye simu ya mkononi, ambaye hajawahi kuambiwa kwamba anazo. Mtu huyo ndiye ninayezungumza naye leo. Uamuzi wa kutua ni wa rubani, na akiamua vibaya lawama ni yake. Hata hivyo uamuzi wake hauwezi kuwa bora kuliko taarifa alizonazo kuhusu ardhi anayoiendea, na taarifa hizo mnazo ninyi, si yeye wala si sisi wa mjini.

Ili mwone kwa nini taarifa ndogo inaweza kubeba uzito mkubwa hivyo, niruhusuni nieleze kidogo habari ya hewa yetu. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya kanda hii viko kwenye kimo kinachokaribiana na hicho. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na joto huizidisha wepesi. Hesabu za urubani zinazotumika duniani kote huchukulia kwamba kwenye usawa wa bahari kuna nyuzi joto 15, na kwamba joto hupungua kwa nyuzi 2 hivi kila unapopanda futi 1,000. Kwa hesabu hiyo Dodoma ingepaswa kuwa na nyuzi 8. Sote tunajua Dodoma ya nyuzi 8 haipo. Mchana wa Oktoba au Novemba, kipimajoto kinaposoma 32, hewa yetu inakuwa nyepesi kama hewa ya mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya bahari, na ndege, ambayo haijui ramani, hufuata hewa inayoikuta.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata marubani wenye leseni huwa wanalisahau wakishachoka. Kipima mwendo kilichomo ndani ya ndege hakipimi mwendo wa ndege juu ya ardhi. Kinapima msukumo wa hewa inayokuja mbele. Hewa ikiwa nyepesi, ndege hulazimika kwenda kasi zaidi ili chombo kisome namba ileile. Rubani anayekuja kutua huku chombo kikimwonyesha kilomita 120 kwa saa, katika mchana niliouelezea, anapita juu ya ardhi kwa kilomita 132 hivi hata kama hakuna upepo wowote. Nyongeza ya asilimia 10 inasikika ndogo. Lakini kinachopaswa kuzimwa na breki ni nishati ya mwendo, nayo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo asilimia 10 ya mwendo inageuka kuwa zaidi ya asilimia 20 ya kazi ya breki, na zaidi ya asilimia 20 ya ardhi inayoliwa.

Upepo nao uko hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi. Chukueni ndege ileile ya kilomita 120 kwa saa na upepo wa kilomita 18 kwa saa, ambao kwetu Dodoma ni upepo wa kawaida kabisa, wala haumvui mtu kofia. Rubani akitua akiukabili, anagusa ardhi kwa mwendo wa 102. Akitua ukiwa mgongoni mwake, anagusa kwa 138. Ukipiga hesabu ya mraba utaona kwamba katika hali ya pili ndege ina nishati ya kuzima iliyozidi ile ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 80. Kiwanja ni kilekile, rubani ni yuleyule na breki ni zilezile. Kilichobadilika ni upande aliojia.

Niwape mfano kamili wa hesabu. Si ajali ya mtu fulani; ni mfano nilioutunga, ingawa namba zake ni za kweli. Ndege ya Cessna 172, aina ya S, yenye viti vinne, kwa mujibu wa kitabu chake inahitaji mita 407 hivi kutua na kusimama kwenye usawa wa bahari, njia ikiwa kavu na ngumu, ukianza kuhesabu pale inapopita kwenye kimo cha mita 15. Kiwanja cha kijiji chetu kina mita 800. Mwenye ndege anatazama kitabu, anatazama kiwanja, anatabasamu. Ongezeni asilimia 20 kwa ajili ya kimo na joto: mita 488. Upepo wa mgongoni wenye nguvu ya moja ya kumi tu ya mwendo wa kutua huongeza asilimia 20 nyingine: mita 586. Nyasi kavu, kwa mujibu wa mwongozo ambao mamlaka ya anga ya Uingereza huwapa marubani binafsi, huongeza asilimia 15: mita 674. Mwongozo huohuo unashauri jumla ya yote izidishwe kwa 1.43 kama akiba, kwa kuwa ndege ya kwenye kitabu ilikuwa mpya na aliyeirusha alikuwa rubani wa majaribio. Tumefika mita 964, na kiwanja bado ni cha mita 800.

Na kama nyasi zimelowa? Ongezeko si 15 tena bali 35 kwa mia, na hata kabla ya kuweka akiba yoyote tunapata mita 791. Zinabaki mita 9. Ndugu zangu, mita 9 ni urefu wa ndege yenyewe na kidogo tu.

Ndiyo maana nasema "kiwanja kizuri tu" si jibu. Rubani anahitaji kujua kama nyasi zimelowa au ni kavu, na hilo halionekani kutoka juu. Anahitaji kujua upepo unatoka wapi saa hii, si kwa kawaida. Anahitaji kujua mita 800 za kwenye karatasi ni mita ngapi leo, kwa sababu kiwanja cha kijiji huliwa. Nimeona viwanja ambavyo vilipimwa vizuri wakati vinafunguliwa, kisha mwaka huu mtu akapanda mistari miwili ya alizeti upande mmoja, mwaka uliofuata mwenzake akapanda uwele upande wa pili, njia ya miguu ikakatiza katikati kwa sababu ndiyo ya mkato kwenda kisimani, na ikabaki namba ya zamani kwenye jalada la ofisi. Hakuna aliyefanya uovu. Ndege huja mara chache kwa mwaka, na shamba linalala wazi mbele ya watu wenye njaa ya ardhi.

Naomba nikae kidogo kwenye namna ya kukikagua kiwanja, kwa kuwa hapa ndipo mnapoweza kuokoa watu bila senti moja. Mtu atembee kwa miguu katikati ya njia, kutoka mwanzo hadi mwisho, arudi upande mmoja, kisha upande wa pili, siku hiyohiyo ndege inapotarajiwa. Anachokitafuta ni shimo la muhanga lililochimbwa usiku, kichuguu kinachoanza, jiwe, kisiki kilichofukuliwa na maji, na mifereji. Kichuguu kidogo kinachofika kwenye kifundo cha mguu kinatosha. Ndege nyingi ndogo husimama juu ya matairi matatu, na lile la mbele ndilo dhaifu kuliko yote, ingawa ndilo lililo chini ya injini. Likijikwaa kwenye kitu kigumu, mguu wake hujikunja nyuma, pua inaanguka, pangaboi linapiga ardhi, na hata kama abiria wote watashuka wakicheka, injini ile ni lazima ifunguliwe na kukaguliwa ndani kabla ya kutumika tena.

Baada ya kutembea, apite bodaboda au pikapu katikati ya njia kwa kilomita 50 hadi 60 kwa saa. Dereva akilazimika kupunguza mwendo, au akirushwa kitini, mahali hapo pawekewe alama na rubani aambiwe ni umbali gani kutoka mwanzo wa njia na ni upande gani. Ikiwa mvua imenyesha, kagueni kwa kisigino: kanyageni kwa nguvu, na kisigino kikizama, semeni kimezama. Wale mnaoishi kwenye udongo mweusi wa mbuga mnajua ulivyo mjanja. Juu hukauka kwa nusu siku na kuonekana mgumu, chini bado ni uji. Ndege ikigusa hapo haitelezi, inakamatwa, na kinachokamatwa magurudumu hupinduka.

Mnaweza pia kutuma picha, na siku hizi karibu kila kijiji kina mtu anayeweza. Ila picha ya mtu aliyesimama hulaza matuta yote, kiwanja kikaonekana kama meza. Chuchumaeni, simu iwe kwenye usawa wa goti, na wekeni ndoo au jembe hatua chache mbele ili anayetazama ajue ukubwa wa anachokiona. Picha tatu za namna hiyo, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho wa njia, zina thamani kuliko video ndefu ya kijiji kizima kikipunga mikono.

Kuhusu upepo, sitasema mengi. Mfuko wa upepo uliochanika na kubaki uzi mmoja ubadilishwe. Kama hakuna, kipande chepesi cha kanga juu ya mti mrefu ulio wazi kinafaa. Kanda yetu hupigwa na upepo wa mashariki kwa muda mrefu wa mwaka, na ndiyo sababu njia ya Dodoma mjini ilielekezwa mashariki na magharibi, lakini msimwambie rubani upepo ni wa mashariki kwa mazoea. Mchana wa jua kali huwa kuna kisulisuli pia, kile kinachonyanyua vumbi na majani na kuzunguka uwanjani kama dakika moja kisha kikapotea. Kwa mtoto ni mchezo wa kukimbiza. Kwa ndege iliyo mita 10 juu ya ardhi, ikiwa na mwendo mdogo, kinaweza kugeuza upepo wa mbele kuwa wa nyuma kabla rubani hajakamata vizuri usukani. Mkiona visulisuli vimeanza, mwambieni, na rubani mwenye busara atakuja asubuhi.

Wanyama nao. Rubani wa vijijini kwa desturi hupita kwanza chini juu ya kiwanja ili kukagua na kufukuza mifugo, kisha huzunguka na kurudi kutua. Ng'ombe hukimbia kwa kundi na huwa wanaondoka kweli. Mbuzi huondoka na kurudi. Punda ndiye mtihani, kwa sababu husimama katikati na kutazama. Wekeni mgambo wawili, mmoja kila upande, wabaki pale mpaka injini izimwe, na kazi yao ya pili, ambayo kwangu ni ya kwanza, iwe kuwazuia watoto wasikimbie sambamba na ndege. Pangaboi likizunguka halionekani. Mtoto anaona uwazi pale ambapo pana chuma.

Sasa nigeukie upande wa marubani na wenye ndege, maana nikiwaachia watendaji mzigo wote nitakuwa nimewaonea. Macho hudanganya kwenye kiwanja cha kijijini. Njia nyembamba kuliko ile uliyoizoea hukufanya ujione uko juu kuliko ulivyo, ukashuka mno na kugusa miti au kutua kabla ya mwanzo wa njia. Njia inayopanda mlima hufanya vivyo hivyo. Inayoteremka hukufanya ujione uko chini, ukabaki juu, ukaelea na kugusa katikati ya kiwanja, nusu ya ardhi ikiwa imeshapita chini yako. Hakuna taa za kukuonyesha pembe sahihi ya kushukia. Kinachobaki ni nidhamu: chagua kabla ya kushuka alama moja ya ardhini, mti au jiwe lililopakwa chokaa, na ujiambie kwamba magurudumu yasipokuwa chini hapo, unaongeza nguvu na kupaa tena. Na kwa kuwa katika joto letu ndege hupaa kwa shida, alama hiyo haiwezi kuwa mwishoni. Penye kilima mbele, alama yako itakuwa angani bado, kabla hata hujafika kwenye njia, na ukishaipita huna tena njia ya kurudi juu.

Wengi wanaopata ajali walikuwa na nafasi ya kupaa tena na hawakuitumia. Sababu zake mara nyingi hazimo kwenye injini. Ndani ya ndege kuna mheshimiwa anayesubiriwa na mkutano, au bwana harusi, au daktari mwenye mgonjwa, au mwenye ndege mwenyewe ambaye ndiye anayelipa mshahara wa rubani na ambaye tayari amesema mara mbili kwamba anachelewa. Chini kuna watu wamejipanga na ngoma zinalia. Mnaelewa ninachosema. Hapa Dodoma, mji wenye viongozi wengi na shughuli nyingi, hili tulizungumze waziwazi: abiria aliyepanda ndege ndogo asitamke neno lolote kuhusu muda kuanzia pale inapoanza kushuka. Na jioni ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta na jua likishazama mwanga unaotosha kuiona ardhi hudumu kama dakika 20 hivi, hauna subira ya mtu aliyechelewa kutoka mkutanoni.

Tuseme sasa ajali imeshatokea. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 walifariki. Ile ilikuwa ndege kubwa na uwanja wenye huduma, na bado waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijijini kwenu, kilomita nyingi kutoka gari la zimamoto lililo karibu, msitarajie mambo yawe tofauti. Atakayefika kwanza ni mchungaji wa mbuzi, mama aliyekuwa kisimani na mwalimu wa shule ya msingi.

Huyo anayefika kwanza asikimbilie mbele ya ndege. Apitie nyuma ya mabawa, aangalie kama pangaboi limesimama kabisa, na asiliguse hata likiwa limesimama, kwa sababu injini ambayo haijapoa inaweza kulizungusha tena. Sigara zizimwe, bodaboda zisimame mbali, kwenye upande ambao upepo unatokea. Ndege nyingi ndogo zenye injini ya pistoni hutumia petroli ya ndege yenye rangi ya samawati, ambayo hushika moto upesi kuliko dizeli mnayoijua. Mkiona majimaji ya samawati yanadondoka kutoka kwenye bawa, huo ni muda wa kutoa watu na si wa kupiga picha. Rubani akiwa na fahamu, mwambieni azime umeme wote na afunge mafuta. Kama hakuna moto wala moshi wala harufu kali ya mafuta, majeruhi anayelalamika shingo au mgongo aachwe alipo, ashikwe kichwa kisiyumbe, mpaka mganga wa zahanati afike. Kama kuna moto, mtoeni tu. Pigeni 114 kwa zimamoto na 112 kwa dharura, na tajeni jina la kijiji, kata na wilaya, maana anayepokea simu hajui kiwanja chenu kiko wapi.

Kuna ndege chache za kisasa zilizobeba mwavuli mkubwa unaorushwa kwa roketi ndogo kutoka nyuma ya kibanda cha abiria. Ikiwa haukutumika, roketi hiyo bado iko pale. Mkiona maandishi ya onyo kwenye mwili wa ndege karibu na hapo, msikate, msipige shoka, msisimame juu yake.

Watu wakishatolewa, linakuja jambo ambalo wananchi hulifanya vibaya kwa nia njema, nalo ni kusafisha. Ndege inasukumwa pembeni ili nyingine ipate nafasi, vipande vinakusanywa, nyayo za watu 300 zinakanyaga kila kitu. Ndege ndogo kwa kawaida haina kisanduku cha kurekodi safari kama zile kubwa. Kumbukumbu zake zimo kwenye udongo wenu. Mahali magurudumu yalipogusa kwanza panaeleza ni kiasi gani cha kiwanja kilipotea. Alama ya tairi lililovutwa kwa breki ni tofauti na ya lililokuwa likizunguka. Na pale pangaboi lilipopiga ardhi huwa kuna mikato midogo sambamba, kama mtu aliyekuwa akichanja udongo kwa panga. Mchunguzi hupima nafasi kati ya mkato na mkato. Pangaboi la mapanga mawili linalozunguka mara 2,400 kwa dakika, ndege ikienda kilomita 110 kwa saa, huacha mikato yenye nafasi ya sentimita 38 hivi. Injini ikiwa imepunguzwa hadi mizunguko 1,000, nafasi hufika karibu sentimita 90. Kwa tepu ya fundi seremala tu, mtu anaweza kujua kama rubani alikuwa amekubali kutua au alikuwa amesukuma nguvu yote akijaribu kuondoka akiwa amechelewa. Wakipita ng'ombe hapo, habari hiyo imekwisha.

Kwa hiyo fungeni kamba kuzunguka eneo, wekeni mgambo, na kama ni lazima kitu kihamishwe kwa ajili ya kuokoa maisha, mtu mmoja apige picha kwanza kutoka pande nne. Tarehe 28 Novemba 2023, kwenye kiwanja cha Kikoboga ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, jirani zetu wa Morogoro, ndege mbili zilipata ajali siku hiyohiyo, moja ikitua na nyingine ikiruka, na hakuna aliyepoteza maisha. Sitaji hilo ili kueleza sababu. Nalitaja ili mjue kwamba kiwanja chenye ajali moja hakijamaliza hatari yake ya siku hiyo, na kukifunga mpaka wataalamu waseme si uoga.

Nimesikia hofu kwamba anayetoa maelezo atakamatwa. Uchunguzi wa ajali za ndege unafuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho kinatamka kwamba lengo lake pekee ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Wachunguzi wetu wako chini ya wizara yenye dhamana ya uchukuzi, na mamlaka inayodhibiti usafiri wa anga ni chombo kingine. Polisi wana kazi yao, nayo ni tofauti. Mtendaji aliyesema kwenye simu kwamba kiwanja ni kizuri aseme hivyo kwa mchunguzi, bila kuremba. Maelezo yake yatasaidia zaidi kuliko ukimya wake.

Wenye ndege, nina moja lenu. Vipo visanduku vya dharura vinavyopiga ishara ndege ikipata mshtuko. Setilaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya megahezi 121.5 tangu tarehe 1 Februari 2009. Zinasikiliza 406 tu. Mwenye kisanduku cha zamani amebeba uzito usio na kazi kwenye setilaiti hizo. Hata kile kipya kinaweza kisiamke kama mshtuko ulikuwa wa polepole, kwa hiyo mjulishe mtu wa kijijini saa unayotarajiwa, na mkubaliane kwamba ikipita nusu saa hujaonekana wala hujapiga simu, yeye anapiga.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninapendekeza kila kijiji chenye kiwanja kimchague mtu mmoja na msaidizi wake, namba zao ziandikwe kwenye ubao wa ofisi na wapewe marubani wote wanaokuja huko, na wawe na ruhusa ya kijiji kusema "leo hakifai" bila kumwomba mkubwa yeyote. Rubani akikataa kusikia, mtu huyo wa kijiji aandike kwenye daftari jina la rubani na saa aliyomwambia. Mengine tutayajadili pamoja. Naomba maswali yaanze na wale ambao viwanja vyao vinapakana na mashamba, kwa sababu mvua za kupandia zimekaribia, na mipaka ikishalimwa mwaka huu itakuwa kazi kubwa kuirudisha.